Usinunue godoro kabla hujafunua chaga

Swali la msomaji wa Tanga: "Nina kitanda cha mninga cha futi 5 kwa 6, fundi alinitengenezea wakati naoa. Godoro la sponji la inchi 8 nililonunua miaka miwili iliyopita limebonyea katikati, na mke wangu anaamka na maumivu ya kiuno. Dukani wananishauri nichukue la springi la inchi 10. Fundi anasema nitafute sponji ngumu kabisa, eti ndiyo inayofaa mgongo. Kitanda kina chaga 7 na bado ni imara. Ninunue lipi? Pia mama yangu anakuja kukaa nasi. Atalalia kitanda cha chuma cha zamani cha wavu, godoro lake nalo liweje?"

Ndugu yangu, neno zito kuliko yote katika swali lako umelipitisha haraka haraka karibu na mwisho: chaga 7, zile mbao za kukatiza zinazobeba godoro. Hapo ndipo godoro lako lilipofia. Ukienda dukani leo ukanunua godoro la bei yoyote, la springi au la sponji, ukalilaza juu ya chaga hizo hizo, baada ya muda si mrefu utakuwa unaniuliza swali hili tena. Kwa hiyo naomba tuanze na kitanda, godoro lifuate.

Tupige hesabu. Futi 6 ni sentimita 183. Chaga za mafundi wetu mara nyingi huwa na upana wa inchi 4, kwa hiyo chaga 7 zinachukua sentimita 71 hivi. Zinabaki sentimita 112 za uwazi, na uwazi huo unagawanyika mara 6. Kila nafasi inatoka karibu sentimita 19, inakaribia shibiri nzima. Chini ya nyonga ya mke wako, mahali ambapo mwili wa binadamu una uzito mkubwa kuliko pote, kuna shibiri tupu isiyo na kitu. Kwa godoro la sponji, nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7 au 8, yaani inchi 3. Chako kina zaidi ya mara mbili ya hapo.

Ukitaka kuona kwa macho yako, simamisha godoro ukutani uangalie tumbo lake, upande unaogusa chaga. Utakuta mistari ya mabonde na matuta. Matuta ni pale sponji iliposhuka kwenye uwazi, mabonde ni pale ilipokandamizwa na mbao. Pitisha kiganja kwenye kingo za mabonde hayo, ubonyeze kwa vidole. Utasikia sehemu imelegea, hairudi upesi kama sehemu nyingine. Sponji ni vijumba vidogo vidogo vya hewa vyenye kuta nyembamba, na kila usiku kuta hizo zinakunjwa mahali pale pale, kwenye pembe ya ubao. Mwisho zinakatika. Juu ya shuka unaona shimo moja la katikati, lakini kazi ya kuliua godoro imefanyika chini, mstari kwa mstari.

Kuna vipimo viwili vya bure vya kukuhakikishia. Cha kwanza: tandika jamvi sakafuni, laza godoro hilo hilo la zamani juu yake, mke wako alale hapo siku kadhaa. Kiuno kikipata nafuu, mkosaji ni kitanda. Kisipopata nafuu na shimo bado unalihisi, basi sponji yenyewe imekwisha. Kwa maelezo yako nategemea utapata yote mawili, nafuu kidogo na shimo bado lipo. Asubuhi ulisimamishe godoro lipate hewa, maana sakafuni, hasa ya sementi, linavuta unyevu kwa chini.

Kipimo cha pili ni cha uzi. Toa godoro, funga uzi kutoka mfumbati mmoja, ule ubao mrefu wa ubavuni mwa kitanda, hadi wa pili, juu kidogo tu ya chaga za katikati, uvute ukaze. Kisha wewe na mke wako mkae pamoja kwenye chaga hizo mbili tatu, mtoto mkubwa apime kwa rula umbali kati ya uzi na mbao. Mbao zikishuka zaidi ya inchi moja, hazikufai, hata kama hazijawahi kuvunjika. Unasema kitanda ni imara, na nakuamini: mninga hauna mzaha, miguu na kichwa vitakaa mpaka wajukuu. Ila chaga ni kitu kingine. Mafundi wengi humaliza mninga kwenye sehemu zinazoonekana, halafu chaga wakaweka mbao yoyote iliyobaki kwenye karakana.

Na kitanda chako kina upana wa futi 5. Je, kina mbao ya katikati inayotoka kichwani hadi miguuni, ikashika chaga kwa chini, nayo ikawa na mguu unaofika sakafuni? Hukutaja, na kwa vitanda vingi vya futi 5 na 6 nilivyofunua, haimo, au imo lakini inaning'inia bila mguu. Ubao unaolala juu ya nguzo mbili tu hupinda kwa kasi ya ajabu kadiri nguzo zinavyoachana. Ukipunguza umbali ule nusu, kwa uzito ule ule, kupinda kunapungua mara 8. Maana yake mbao moja ya katikati, ya bei ndogo, inabadilisha kitanda cha futi 5 kikawa kama viwili vya futi mbili na nusu vilivyoshikamana. Sijui matengenezo mengine ya kitanda yanayolipa hivi kwa gharama ndogo hivi. Unene wa chaga nao una nguvu yake: ya inchi 1 inapinda chini ya nusu ya ile ya robo tatu ya inchi.

Kwa hiyo mwite fundi wako umpe kazi hii, neno kwa neno. Chaga 12 za upana wa inchi 4 na unene wa inchi 1, zipangwe kwa nafasi sawa, zitaachana kama sentimita 5 na nusu. Mbao ya kati iwe ya inchi 2 kwa 4, isimamishwe kwa ubavu wake mwembamba, isilazwe, na iwe na miguu miwili inayogusa sakafu barabara. Mguu ukielea hata kwa unene wa sarafu haufanyi kazi, autie kibao chini. Kwenye mifumbati, ule ubao mwembamba ambao chaga zinaukalia ushikwe kwa gundi na skrubu, si misumari peke yake. Misumari hulegea ndiyo kitanda kinaanza kulia usiku, na siku moja ubao unang'oka chaga zote zikashuka kwa pamoja. Kila chaga ipigwe skrubu moja kila upande ili isitembee.

Chaga si lazima ziwe za mninga. Mpaini mkavu unatosha kabisa, mradi hauna vifundo katikati ya ubao, maana hapo ndipo unapovunjikia. Neno kubwa hapa ni mkavu. Mbao mbichi ikipigwa skrubu leo, baada ya kukauka inasinyaa kwa upana, inapinda kama upinde, na skrubu zinalegea. Chunguza pia vitundu vidogo na unga unga mweupe chini ya chaga za zamani. Ukiviona, kuna bungua, na mbao hizo zisirudishwe kitandani.

Watakaokushauri uweke plaiwudi juu ya chaga 7 hizo yaishe, watakuwa wengi. Wanatibu jambo la kweli, uwazi unazibwa, lakini kwa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na pwani yote mimi sikubaliani nao. Mwili unatoa jasho na mvuke usiku kucha, na sehemu ya unyevu huo inashuka ndani ya sponji. Chini kukiwa na chaga zenye nafasi, unatoka. Chini kukiwa na ubao mzima, unakwama pale pale sponji inapogusana na mbao, na miezi ya masika ndiyo mbaya zaidi. Ukiliinua godoro unakuta madoa meusi ya ukungu na harufu ya kabati lililofungwa. Kwa mwenye pumu nyumbani hilo ni jambo zito. Anayelazimika kutumia plaiwudi, labda amepanga chumba na kitanda si chake, aitoboe matundu ya inchi 1, yawe mengi, yaachane kama shibiri moja, na godoro aliinue lipumue kila anapobadilisha shuka. Kwako wewe chaga 12 ndilo jibu.

Sasa dukani. Kitanda kikishakuwa hivyo, kinabeba godoro lolote kati ya mawili uliyoambiwa, na hapo ndipo uchaguzi unakuwa wa kweli.

Tuanze na springi za inchi 10. Kuna za aina mbili, na muuzaji akikuambia "springi" tu, mwulize ni ipi. Moja, springi zote zimefungamanishwa kwa waya zikawa wavu mmoja. Ni ya bei nafuu, inashika uzito vizuri, lakini mmoja akijigeuza mwenzake anarushwa, na baada ya miaka wavu ule huwa unabonyea kama kitu kimoja. Ya pili, kila springi imevikwa mfuko wake wa kitambaa na inashuka peke yake. Hii ndiyo inayofuata umbo la mwili, bega linazama kidogo, kiuno kinashikwa. Ila tazama chini yake: springi iliyo peke yake, ikikuta uwazi wa shibiri, inazama yote kwenye uwazi huo, kwa kuwa jirani zake hawaishiki. Kwenye chaga zako za sasa, springi za mifuko, ambazo ni ghali zaidi, ndizo zingeharibika mapema kuliko zote. Aliyekushauri dukani hakukuuliza chaga ngapi, sivyo?

Springi pia zina uzito na unene. Chukua futi kamba upime kutoka sakafuni hadi juu ya chaga. Vitanda vingi vya mninga huwa na inchi 16 hapo, sawa na sentimita 40. Ongeza godoro la inchi 10, umefika sentimita 65 na ushee. Mtu wa kimo cha kawaida akikaa pembeni miguu inaning'inia, visigino havigusi chini. Mwenye maumivu ya kiuno ndiye anayeteseka zaidi, kwa sababu kila akishuka anajirusha. Juu ya godoro pakiwa kati ya sentimita 50 na 60 kutoka sakafuni, watu wazima wengi wanakaa na kuinuka vizuri. Kwa kitanda cha namna hiyo, inchi 8 ndiyo inayoingia vizuri. Na chandarua: godoro nene na zito la springi ni taabu kulichomekea neti kila usiku. Nyumba ya Tanga hiyo si hoja ya kupuuza.

Kwa hiyo kwako naelekea kwenye sponji ya inchi 8, lakini si sponji yoyote, na si ile "ngumu kabisa" ya fundi. Hapa kuna mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya kila siku: densiti na ugumu. Densiti ni uzito wa sponji, kilo ngapi katika mita moja ya ujazo. Ndiyo inayoamua godoro litaishi miaka mingapi kabla ya kubonyea. Ugumu ni jinsi linavyokupinga ukilibonyeza leo. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nyepesi iliyo ngumu, ukaiona imara dukani, na baada ya mwaka ikawa shimo. Kinaweza vilevile kutengeneza sponji nzito yenye ulaini wa kiasi, ikakaa miaka mingi.

Muuzaji akisema "hii hai densiti", yaani ya densiti ya juu, mwambie akupe namba. Akiwa hana, omba mizani. Godoro la futi 5 kwa 6 la inchi 8 lina ujazo wa futi 20 za ujazo, sawa na mita za ujazo 0.566. Kwa hiyo sponji ya densiti 20 itakuwa na uzito wa kilo 11 hivi, ya densiti 25 kilo 14, ya densiti 30 kilo 17. Kitambaa kinaongeza kilo moja au zaidi kidogo. Lipime kwenye mizani ya kupimia magunia, duka la nafaka la jirani halikosi. Kwa watu wazima wawili wanaolala kila siku, mimi sishuki chini ya 28. Godoro la kilo 12 likiitwa hai densiti, na mizani ndiyo hiyo mbele yenu, mazungumzo ya bei yanabadilika hapo hapo. Kipimo hiki kinakuwa na hitilafu hasa kwa aina moja: yale magodoro yaliyotengenezwa kwa vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa, ukiyafungua yana rangi rangi ndani. Hayo ni mazito sana kwa asili yake, na magumu mno, kwa hiyo uzito wake hauyapi sifa.

Magodoro hayo ya vipande yanauzwa sana kwa wenye maumivu ya mgongo, na hili nataka niliseme bila kuzungukazunguka: ushauri kwamba mgongo unataka godoro gumu kama ubao hauna msingi. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha jaribio la Hispania lililohusisha watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu magodoro ya ugumu wa kati, bila kuambiwa ni yapi. Baada ya siku 90, waliolala kwenye ugumu wa kati ndio waliokuwa na hali nzuri zaidi, maumivu yakiwa madogo kitandani na wakati wa kuamka, na shughuli za mchana zikiwa rahisi zaidi. Sababu yake inaeleweka. Ukilala ubavu kwenye kitu kigumu, bega na nyonga zinasukumwa juu, kiuno kinabaki hewani bila kushikwa na chochote. Ukilala chali, hivyo hivyo kwa kiuno.

Mke wako aende dukani mwenyewe, usimnunulie kwa kukisia. Alale kwa ubavu anaolalia nyumbani, avue viatu, atulie dakika kumi bila aibu. Wewe pitisha kiganja chini ya kiuno chake akiwa chali. Kikipita bila kugusa chochote, godoro ni gumu kwake. Kikikwama kabisa na nyonga imezama chini kuliko kifua, ni laini mno. Kikipita kwa kubanwa kidogo, ndilo. Ila usikubali apimie juu ya rundo. Dukani magodoro hupangwa moja juu ya jingine hadi futi 4, na mtu akilalia la juu anakuwa amelalia yote, kila moja hapo linaonekana laini na la kifahari. Mwambie muuzaji alishushe sakafuni, au kwenye kitanda cha chaga kama kipo. Ndipo utakapolijua litakavyokuwa kwako. Uzito wa mtu nao unaingia hapa: mwenye kilo 90 na mwenye kilo 55 wakilalia godoro moja hawasikii kitu kimoja. Mkitofautiana sana, mfuateni mwenye maumivu.

Nailoni itoke. Najua nyumba nyingi zinaiacha miaka, kwa kuogopa vumbi na mkojo wa watoto, lakini ile nailoni ya dukani inafungia jasho lote ndani na inakufanya uteleze na kupata joto. Mwenye mtoto mdogo anunue kitambaa cha kufunika chenye mpira upande mmoja, kinachovuliwa na kufuliwa. Halafu godoro ligeuzwe kichwa kuwa miguu kila baada ya miezi 3 au 4 kwa mwaka wa kwanza. Likiwa la nyuso mbili, lipinduliwe pia.

Naongeza neno kwa wasomaji wengine wanaosoma jibu hili wakiwa na vitanda vya kuagizwa kutoka nje. Vingi vina sentimita 160 kwa 200 au 180 kwa 200. Godoro letu la futi 6 kwa 6 ni sentimita 183 kwa 183, kwa hiyo kwenye kitanda cha 180 kwa upana linabana na miguuni linaacha sentimita 17 tupu. Msizibe pengo hilo kwa blanketi na mito. Sponji hukatwa kwa kipimo, agizeni ya sentimita 200 kiwandani au kwa mawakala wao. Ya springi haikatwi, hiyo lazima itoke na kipimo chake. Na zile chaga zao nyembamba zilizopinda kwenda juu, zinazochezacheza, zimekusudiwa kucheza. Sponji na springi za mifuko zinaelewana nazo. Msizifunike kwa plaiwudi, na moja ikivunjika msipachike ubao ulionyooka mahali pake, kwa kuwa utakuwa tuta gumu kati ya laini.

Turudi kwa mama. Kitanda cha chuma cha wavu kina matatizo mawili: wavu umeshalegea, na mzee anahitaji kuinuka asubuhi bila kuvutwa. Wavu ukilegea, godoro lolote linafuata bonde lake, na mama atalala mgongo umepinda usiku mzima, hata ukimnunulia la bei kubwa kuliko lenu. Angalia kwanza kama wavu unaweza kukazwa. Kwenye vitanda vingine zile springi ndogo za kwenye fremu zinabadilishwa moja moja. Kama haiwezekani, muombe fundi akukatie chaga 11 au 12 za inchi 4 zinazokaa juu ya fremu ya chuma kutoka upande hadi upande, zisiukalie wavu. Azifunge pamoja chini kwa utepe wa turubai ili zisitawanyike. Kitanda cha upana wa futi 3 hakihitaji mbao ya kati.

Hapo mtafutie sponji ya inchi 6 yenye densiti nzuri. Kwa futi 3 kwa 6, inchi 6, ujazo ni futi 9 za ujazo, kwa hiyo densiti 28 inatoa kilo 7 na kidogo bila kitambaa. Chagua nzuri hata kama mama ni mwepesi, kwa sababu wazee hukaa muda mrefu pembeni mwa kitanda kabla ya kusimama, na sponji nyepesi inashuka pale ukingoni ikamtelezesha. Akikaa, nyayo zote mbili ziwe sakafuni na magoti yawe usawa wa nyonga au chini yake kidogo. Kitanda kikiwa juu mno, miguu ya chuma inakatwa kwa msumeno na kuwekewa vifuniko vya mpira vipya. Kabla ya yote hayo pitia kutu na maungio ya welding, na ncha yoyote ya waya iliyochomoza ikunjwe ndani.

Inawezekana mama mwenyewe, kama ni mtu wa pwani, atakuambia anapenda kitanda cha kamba. Usimcheke. Kitanda kilichowambwa vizuri kwa kamba za mkonge au za usumba, kikawa kimekazwa, kinapitisha hewa kuliko chochote kilichoko dukani, na kwa joto la Tanga ni raha kubwa. Kinataka godoro jembamba la sufi au pamba, linaloanikwa juani na kuchambuliwa likishikamana. Sponji nene juu ya kamba haifai: inazama na kamba, na inaziba ile hewa iliyokuwa faida yake. Kamba hulegea, kwa hiyo awepo mtu wa kuikaza mara kwa mara.

Kabla godoro jipya halijaingia ndani, mwaga maji ya moto sana kwenye maungio ya kitanda cha chuma, na kwenye cha mninga chunguza kwa tochi nyufa za kichwani na pale mifumbati inapoingia kwenye matendegu, yaani miguu ya kitanda. Kunguni hujificha hapo pia, si kwenye godoro tu, nao hawahimili joto la nyuzi 50 na zaidi. Ukiona vidoa vyeusi kama wino, usilete godoro jipya mpaka umemaliza kazi hiyo, kwa kuwa watahamia siku ile ile.

Godoro lako la zamani, kama halina kunguni wala ukungu, kata sehemu nzuri za miguuni na kichwani ambazo hazikulaliwa sana, utapata mito ya kukalia barazani. Lile la katikati halifai hata kwa mgeni. Fundi akimaliza chaga, nitumie namba tatu: urefu kutoka sakafuni hadi juu ya chaga, kimo cha mke wako, na uzito wenu nyote wawili. Nikizipata kabla hujaenda dukani, nitakuambia kama inchi 8 ibaki 8 au ishuke iwe 6.